Taa yangu ya nyuma inawaka, mbona madereva hawanioni?

"Shikamoo fundi. Nachukua samaki Deep Sea hapa Tanga na kuwapeleka Muheza kwa pikipiki, CC 150, tenga likiwa nyuma kwenye keria. Naondoka kama saa kumi na nusu alfajiri, na siku nyingine narudi giza limeshaingia. Wiki iliyopita, nimeshaipita Pongwe, basi lilinikosakosa kutoka nyuma, kioo chake kikanigusa kiwiko. Lilisimama mbele kushusha abiria, nikalifuata. Dereva akaniapia kwamba hakuniona kabisa mpaka alipokuwa ameshanifikia. Taa yangu ya nyuma inawaka, niliihakikisha kabla ya kutoka. Sasa nimechanganyikiwa. Dukani Ngamiani wananiambia nifunge taa za kumwekamweka, nyekundu na bluu. Mwenzangu kijiweni anasema LED zinaua betri. Fundi mwingine anasema niweke globu kubwa zaidi. Nina elfu hamsini tu. Nianzie wapi? Na nikipata pancha gizani nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kioo cha basi kikigusa kiwiko, mwili mzima ulikuwa umebakiza shubiri moja. Nimelisoma swali lako mara mbili, na neno lililonikaa kichwani ni tenga. Umelitaja kwa kupita tu, lakini naona limebeba jibu kubwa kuliko globu.

Yule dereva namwamini. Simtetei, maana anayepita ndiye mwenye wajibu wa kuona anachokipita. Ila nimefunga taa za magari na pikipiki miaka mingi, na kila mara napata ushahidi kwamba "inawaka" na "inaonekana" ni mambo mawili. Wewe uliikagua taa ukiwa umesimama hatua mbili nyuma ya pikipiki, pengine bila mzigo. Yeye aliitazama kutoka mbali, akiwa juu kwenye kiti chake, kioo cha mbele kina ukungu wa alfajiri, na labda gari la mbele limempiga fulu usoni.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata skrubu, fanya jaribio hili leo jioni. Pakia tenga kwa uzito ule ule wa siku ya kazi, na nailoni yake na kamba zake zote. Mwombe mwenzako akae juu ya pikipiki, injini inaunguruma, taa imewashwa. Wewe rudi nyuma hatua 100, mahali pasipo na magari, ugeuke. Itazame ukiwa umechuchumaa kidogo, kama dereva wa gari dogo. Kisha panda juu ya kibaraza au rundo la matofali, uitazame kwa macho ya dereva wa basi. Halafu sogea mbele polepole mpaka ufike hatua 10, ukiendelea kutazama. Naamini utakutana na moja kati ya mambo mawili, au yote: kitako cha tenga au ncha ya nailoni imening'inia mbele ya taa, na shokapu zimekaa kwa uzito kiasi kwamba nyuma imezama na taa inamulika lami badala ya kumulika anayekuja.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuitazama pikipiki iliyogongwa kwa nyuma barabara ya Pangani, upande wa Tongoni. Kijana alikuwa amebeba mkaa, magunia mawili yamefungwa kwa wima. Ndugu zake walitaka kujua kama taa ilikuwa mbovu. Kioo cha taa kilikuwa kimepasuka, lakini globu ilikuwa nzima. Nilipoiunganisha na betri ikawaka pale pale mkononi mwangu. Usiku ule taa ilikuwa inawaka njia nzima, nyuma ya gunia. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea globu mkononi natoka kwanza nje kutazama mzigo wake.

Sasa tuizungumzie hiyo taa yenyewe, kwa sababu hata bila tenga ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Pikipiki nyingi tunazotumia huku zina globu moja nyuma yenye nyuzi mbili ndani, ya volti 12, imeandikwa 21/5W. Uzi wa wati 5 ndio taa ya kutembea, na ule wa wati 21 ndio breki. Kwa vipimo vya kiwandani, uzi wa breki hutoa mwanga wa lumeni 440 hivi, na ule wa kutembea lumeni 35 tu. Mshumaa wa kawaida hutoa kama 12. Yaani barabara nzima, kuanzia Kange mpaka Muheza, unajitambulisha kwa mishumaa isiyofika mitatu, tena iliyo nyuma ya kioo chekundu kinachomeza sehemu kubwa ya huo mwanga. Inatosha ikiwa safi na wazi. Ikiwa na magamba ya samaki na vumbi, haitoshi.

Na hapo bado hatujagusa chumvi. Sisi tunaishi pwani, hewa yenyewe inakula chuma. Wewe juu ya hapo unabeba samaki, na maji ya tenga yanadondoka wapi? Juu ya madgadi na taa. Nina hakika, bila kuiona pikipiki yako, kwamba ukifungua kile kioo chekundu utakuta holda, kile kishikio cha globu, ina ukoga wa kijani au kutu ya kahawia. Ukoga huo hauzimi taa. Unaubana umeme upite kwa shida, nao mwanga wa globu ya uzi unashuka haraka kuliko volti zenyewe: punguza volti kwa asilimia 10 tu, mwanga unapungua kwa kama asilimia 30. Mtu anaitazama anasema "si inawaka?" Inawaka, lakini imesinzia.

Kuna njia ya kulijua hili bila mita. Washa pikipiki na taa. Chukua kipande cha waya, upande mmoja ushike kwenye hasi ya betri, upande wa pili ugusishe kwenye chuma cha holda ya globu. Uwe mwangalifu, waya usiguse chanya popote. Taa ikiongeza mwanga ghafla, ethi yako, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma, ni mbovu, na hiyo ndiyo hitilafu ninayokutana nayo mara nyingi zaidi Tanga hii. Dawa yake ni msasa mwembamba mpaka chuma king'ae, skrubu mpya ya ethi, na grisi kidogo juu yake kuzuia chumvi isirudi. Ukiwa na mita, pima kwenye betri injini ikizunguka vizuri, unapaswa kuona kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisha pima pale kwenye holda, globu ikiwa inawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unapotea, na kununua globu mpya hakutakusaidia.

Tuseme sasa taa ni safi, ethi nzima, tenga limepandishwa. Bado kuna tatizo moja ambalo globu peke yake haiwezi kulimaliza, na naomba ulielewe vizuri maana ndilo litakalokuongoza dukani.

Gari lina taa mbili nyuma. Dereva anayelifuata gizani hapimi umbali kwa ukali wa taa, anapima kwa nafasi iliyopo kati ya taa na taa. Kila umbali unapopungua nusu, ile nafasi inaongezeka maradufu machoni mwake, na ubongo unasema: namkaribia, na namkaribia haraka. Halazimiki hata kufikiri. Pikipiki ina nukta moja nyekundu, na nukta haipanuki. Kwa mbali inaweza kuwa gari lililoungua taa moja, linalokwenda kasi kama yeye, au mwanga wa kibanda. Inaanza kuwa "pikipiki" mwishoni kabisa. Wewe na mzigo wako unakwenda 45, basi linakwenda 80: linakufikia kwa karibu mita 10 kila sekunde. Akikutambua ukiwa mita 150 mbele ana sekunde 15, anaweza kupunguza, kutazama, kukupita kwa adabu. Akikutambua ukiwa mita 40 ana sekunde 4, na karibu 2 kati ya hizo zinakwisha akiwa anashtuka na kuhamisha mguu. Ukiongeza fulu za lori linalotoka Segera zikimpiga machoni, ile nukta inazama kabisa ndani ya mng'ao. Sitashangaa kama ndivyo ilivyokuwa alfajiri ile.

Kwa hiyo unachotafuta si mwanga mkali. Unatafuta upana, na umbo ambalo jicho litalijua. Kitu cha bei nafuu kinachotoa upana huo hakitumii umeme hata kidogo: tepu ya kuakisi mwanga, ile ya nyekundu na nyeupe inayobandikwa kwenye matela ya malori. Tepu nzuri ina vipembe vidogo sana ndani yake vinavyourudisha mwanga kule kule ulikotoka. Taa za basi zinaipiga, nayo inalirudishia basi, karibu na macho ya dereva. Jambo moja ambalo wengi hawalijui: dereva wa basi au lori anakaa juu sana kuliko taa zake, hivyo anapata sehemu ndogo ya mwanga unaorudi kuliko dereva wa gari dogo. Ndiyo maana kipande cha upana wa vidole viwili kinachomshtua mwenye gari dogo kinaweza kumpita mwenye semi-trela. Usiwe bahili wa tepu.

Bandika kwenye tenga, upande wa nyuma, vipande viwili vya wima, kimoja kila ukingo, vyenye urefu wa kama shubiri mbili, na kimoja cha mlalo chini yake kuviunganisha. Hapo dereva anaona umbo lenye mapana ya tenga lako, na likimkaribia linapanuka. Kwenye tenga la ukindu au fito tepu haishiki. Ibandike kwanza juu ya kipande cha plastiki ngumu, hata ubavu wa dumu la lita 20 uliokatwa, kisha ukifunge kwa waya. Weka kipande kingine kwenye madgadi chini ya taa, na kimoja nyuma ya kofia ngumu. Pande za tenga pia, kwa ajili ya wanaotokea njia za pembeni.

Kuijua tepu nzuri, nenda nayo nje ya duka gizani, au chumba cha ndani. Mwenye duka aishike hatua 20 mbali. Weka tochi ya simu yako shavuni, karibu kabisa na jicho, umulike. Nzuri inawaka kama imeunganishwa na betri. Mbaya inang'aa tu kama kopo. Tochi ukiishika kiunoni jaribio halina maana, mwanga utakuwa unarudi kiunoni.

Na kizibao chako cha kuakisi, endelea kukivaa, lakini jua kinafanya nini. Ile rangi ya njano kali au machungwa inafanya kazi mchana na magharibi, kwa sababu inageuza sehemu ya mwanga wa jua usioonekana kuwa rangi inayoonekana. Usiku haina nguvu yoyote. Kazi inafanywa na zile mistari za fedha tu, na zikichakaa kwa kufuliwa zinakufa. Tena kwako wewe, mgongo wako umefichwa na tenga. Anayekufuata hauoni. Vivyo hivyo kwa bodaboda mwenye abiria: kizibao cha dereva kinawafaa wanaokuja mbele.

Sasa nije kwa washauri wako watatu.

Aliyesema uweke globu kubwa zaidi amekosea, na sitaki umsikilize. Koili ya chaji ya pikipiki ina mipaka, holda na kioo cha plastiki havikutengenezwa kwa joto hilo, nimeona vioo vilivyoyeyuka kama nta. Lakini hatari kubwa ni nyingine. Breki inaonekana kwa sababu inazidi sana taa ya kutembea: lumeni 440 dhidi ya 35. Ukipandisha taa ya kutembea ikafika karibu na breki, ukikanyaga hakuna atakayejua. Kuna mafundi wanaogeuza waya ili ule uzi wa wati 21 uwake muda wote, mteja anafurahi taa inavyong'aa. Umemuuzia mwanga ukamnyang'anya breki.

Mwenzako wa kijiweni amesikia kitu cha kweli akakishika vibaya. Globu ya LED ya mfano ule ule hula umeme mdogo kuliko ile ya uzi, kwa hiyo yenyewe haiui betri. Kinachoua ni taa za ziada zilizovutwa moja kwa moja kutoka betri, bila kupitia swichi, zikasahaulika usiku kucha. Pia LED ina faida moja ninayoipenda sana: uzi wa globu unahitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde kupata moto mpaka ung'ae, LED inawaka papo hapo. Kwa basi linalokwenda 80 hizo ni mita 4 na zaidi ambazo dereva anapewa bure.

Ila uichague kwa akili. Chukua inayotoa mwanga mwekundu, usichukue nyeupe. LED nyeupe ina rangi nyekundu kidogo ndani yake, na kioo chekundu kinazuia zilizobaki, kwa hiyo ile iliyokupofusha mezani itafifia ukiifunga. Iwe na vidoti vya mwanga pande zote, si kichwani tu, maana taa imetengenezwa kwa globu inayomulika mbavuni pia. Washa, kanyaga breki, simama mbali: kama tofauti haionekani waziwazi, irudishe dukani. Na angalia chini ya taa yako. Nyingi zina kidirisha cheupe kinachomulika pleti namba. Ukiweka LED nyekundu tupu, namba itamulikwa nyekundu, na trafiki hataipenda. Zipo zenye vidoti vichache vyeupe upande wa chini, hizo ndizo zako.

Jambo moja la kuuliza kabla ya kulipa: je, taa yako ya nyuma inawaka injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa umefunguliwa? Ikiwaka, inatumia betri, LED itakaa vizuri. Isipowaka mpaka injini iungurume, na mwanga unapanda na kushuka na mafuta, huenda inalishwa moja kwa moja na koili, umeme usiotulia. LED hapo itatetema na kufa mapema. Fundi anaweza kuihamishia kwenye laini ya betri inayopitia swichi, ni kazi ya muda mfupi. Indiketa ziache na globu zake za uzi. Ukiziwekea LED, rile, kile kifaa kinachozimwekesha, inadhani globu zimeungua na inaanza kupiga haraka haraka, ukalazimika kununua rile nyingine kwa faida ndogo.

Na wale wa dukani, wenye nyekundu na bluu za kumweka. Hapana. Rangi hizo zikimweka ni za polisi na magari ya dharura, utasimamishwa, na kwa haki. Hata nyekundu peke yake ikimweka muda wote siipendi nyuma ya pikipiki. Inavuta jicho, hilo ni kweli, lakini jicho likishavutwa linataka kupima umbali, na kitu kinachowaka na kuzimika gizani ni kigumu kupima kuliko kinachowaka mfululizo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani, ya mwaka 1973, inataka taa nyekundu nyuma usiku, na kuna hekima ndani ya rangi hiyo: nyekundu inamwambia aliye nyuma "hiki ni kisogo, kinakwenda unakokwenda". Kwa sababu hiyo hiyo usifunge spoti nyeupe ya kumulika nyuma, na kioo cha taa kikipasuka kikatoa mwanga mweupe usikipake rangi ya kucha, nunua kingine.

Kuhusu taa mpya mpya zinazosifiwa, nikupe kisa kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, John Voevodsky, alifunga taa ya ziada ya breki kwenye teksi za San Francisco, katikati ya nyuma. Teksi hizo ziligongwa kwa nyuma mara chache sana kuliko zisizofungwa, upungufu wa karibu asilimia 60. Marekani ikailazimisha kwa magari madogo mapya kuanzia matoleo ya mwaka 1986. Kila gari lilipokuwa nayo, macho yakaizoea, na faida ikatulia kwenye kama asilimia 4. Faida hiyo ndogo bado inaokoa watu wengi, kwa hiyo taa imebaki. Lakini nataka uone kwamba sehemu kubwa ya mshangao ilikuwa ugeni, na ugeni unachakaa. Vinavyobaki ni mahali taa ilipo na jinsi inavyoonekana.

Mahali ilipo: hapo ndipo ningetumia sehemu kubwa ya pesa yako. Funga taa ya pili ya LED, ndogo, ya kutembea na breki pamoja, nyuma ya tenga lenyewe, juu kidogo ya katikati, mahali ambapo hakuna nailoni itakayoifunika. Iunganishe kwenye waya za taa ya nyuma iliyopo ili iwake na kuzimika nayo. Weka soketi ya kuchomoa, maana tenga unalishusha, na fyuzi ndogo kwenye waya wake. Usiamini rangi za waya. Fundi aliyepita kabla yangu anaweza kuwa amebadilisha chochote. Tumia testa. Viungo vilehemiwe kwa risasi kisha vifunikwe, visifungwe kwa tepu peke yake, chumvi itaingia kabla ya masika kuisha. Na waya upite mbali na mahali siti inapobana.

Usisahau swichi za breki, ya mguu na ya mkono. Ya mguu hasa inalegea au inajaa matope, unakanyaga na taa haiwaki mpaka umekanyaga nusu. Irekebishe iwake pedali inapoanza tu kushuka. Nawe kama una tabia ya kupunguza mwendo kwa gia bila kugusa breki, aliye nyuma haoni chochote. Gusa pedali kidogo ili taa impe habari.

Kwa elfu hamsini yako mpangilio wangu ni huu: kwanza usafi, ethi na kulipandisha tenga, ambavyo ni jasho tu. Pili tepu, ya kutosha. Tatu taa ya pili ya kwenye tenga na kazi ya fundi. Globu ya LED ya taa ya asili iwe ya mwisho, kama kimebaki kitu. Pesa ikikatika baada ya tepu, bado utakuwa umepata sehemu kubwa ya usalama ulioutafuta.

Yapo mambo ambayo usiyashughulikie mwenyewe kwa kusoma majibu yangu. Fyuzi ikikatika tena baada ya kuibadilisha, usiweke kubwa zaidi wala waya wa shaba. Kuna shoti, na tangi la petroli liko kwenye mapaja yako. Mita ikisoma zaidi ya volti 15 injini ikizunguka, regulata, inayodhibiti umeme wa chaji, imekufa na itaunguza kila taa utakayonunua. Waya ukipata joto, kukiwa na harufu ya plastiki, betri ikivimba, au mwanga wa nyuma ukififia kila unapowasha indiketa, peleka kwa fundi umeme, asiwe fundi wa injini, akakae nayo kwa mikono yake. Na kama tenga linafunika taa hata baada ya kupandishwa, tafuta mchomeleaji aipandishe keria au aongeze kibao cha kushikia taa nyuma yake.

Umeuliza na pancha. Ukiisikia gurudumu linayumba gizani, usisimame ukingoni mwa lami, hata kama ni mahali pabaya. Isukume mpaka kwenye majani, mbali na mstari, mbali na kona na mbali na kilele cha kilima. Taa yako ikizimika na injini, tepu ndiyo itakayobaki inafanya kazi, kwa hiyo igeuze pikipiki ili upande wenye tepu uwatazame wanaotokea nyuma yako, na uifute matope kwa kiganja. Katia matawi mabichi mawili matatu uyaweke hatua 50 nyuma yako na mengine karibu zaidi, kama wanavyofanya wa malori, madereva wa njia hii wanayajua, ukimaliza uyaondoe. Wewe mwenyewe usichuchumae upande wa barabarani kuziba tairi. Kaa upande wa shamba, na kama itakubidi uchomoe gurudumu, lichomoe kisha ukazibie mbali na pikipiki, tochi ya simu ikiwa inamulika chini.

Ukishafanya lile jaribio la hatua 100, piga picha mbili, moja tenga likiwepo na moja likiwa limeshushwa, unitumie. Nikiona keria yako ilivyo nitakuambia taa ya pili ikae wapi hasa.